Shangazi Anajibu: "Nimesali, nimefunga, mbona moyo hautulii?"

Kabla ya barua za safari hii, nina deni la kulipa. Toleo lililopita nilimshauri msomaji mmoja aliyebeba jambo zito la utotoni akae chini aliandike. Nikaishia hapo, kama muuguzi anayekabidhi pakiti ya dawa bila kusema vidonge vingapi, mara ngapi. Wasomaji wawili wamenijia juu. Mmoja ameandika kila usiku kwa wiki tatu na sasa anayaota anayoyaandika.

Wana haki. Njia ile ilijaribiwa na mwanasaikolojia James Pennebaker na mwenzake Sandra Beall, wakachapisha matokeo mwaka 1986. Wanafunzi wa chuo kikuu waliandika dakika 15 kwa siku, siku 4 mfululizo, basi. Walioandika yaliyowaumiza walinyong'onyea mara tu baada ya kuweka kalamu chini. Nafuu ilikuja baadaye: katika miezi 6 iliyofuata, walioandika tukio pamoja na walivyohisi walikwenda zahanati ya chuo mara chache kuliko waliopewa mada za kawaida. Kwa hiyo ni siku nne, kisha daftari lifungwe. Ukiona siku ya pili unazama tu, liache na utafute mtu wa kukusikiliza. Kosa ni langu.

Sasa barua.

*

*Shangazi, shikamoo. Nina miaka 38, ni mwalimu. Tangu mwaka jana nazinduka saa tisa usiku na usingizi unanihama. Mawazo yanapanga foleni: kazi, mama anayeumwa, maneno niliyomwambia mtu miaka kumi iliyopita. Nimejifunza kutafakari kwa programu ya simu. Sauti inaniambia niondoe mawazo yote. Siwezi. Nikisali, nafika katikati nakuta nasahihisha madaftari kichwani. Naanza kuamini roho yangu ina kasoro. – Macho Makavu*

Marahaba, mwanangu. Roho yako haina kasoro. Kasoro iko kwenye maelekezo uliyopewa.

Mwaka 1987 mwanasaikolojia Daniel Wegner aliwaambia wanafunzi waseme kwa sauti kila kinachopita akilini kwa dakika tano, ila wasimwaze dubu mweupe. Akija, wagonge kengele. Kengele zikalia, kwa wastani zaidi ya mara moja kila dakika. Kisha wakaruhusiwa kumwaza, na hapo dubu akawajia kwa wingi kuliko alivyowajia wale walioruhusiwa kumwaza tangu mwanzo. Ukiifukuza fikra, sehemu ya akili inabidi ibaki mlangoni kuchungulia kama imerudi, na kule kuchungulia ndiko kunakoiita. Wewe kila usiku unapewa dubu, unaambiwa usimwaze, halafu unajilaumu kwa kengele.

Nimefanya uuguzi miaka 31, karibu nusu yake zamu za usiku, kwa hiyo saa tisa naijua kama ndugu. Ndiyo saa ambayo kengele za wodini huanza kulia bila dripu kukatika wala dawa kuisha. Joto la mwili linaelekea chini, watu wa kuzungumza nao wamelala, na hakuna shida hata moja unayoweza kuishughulikia kabla hakujakucha. Shida ile ile ya mchana hapo huonekana imeota pembe. Wagonjwa wangu nilikuwa nawaambia kwamba uamuzi wowote wa saa tisa usiku hauna saini, usubiri asubuhi.

Usiku mmoja nilikuwa nahesabu pumzi za mgonjwa mzee ili nijaze chati. Mtu mzima akiwa ametulia huvuta pumzi mara 12 hadi 20 kwa dakika. Yule nilimhesabu sita. Nikahesabu tena, sita. Nikamsogelea kwa hofu, nikaona midomo inacheza na vidole vinasukuma shanga chini ya shuka. Akafungua jicho moja akasema, "Nipo, binti. Usinipotezee hesabu." Asubuhi alikuwa amelala fofofo, na mimi niliyemchunga ndiye niliyekuwa hoi.

Nilimkumbuka mzee yule niliposoma kazi ya madaktari wakiongozwa na Luciano Bernardi wa Italia, iliyochapishwa mwaka 2001. Waliwapima watu 23 wakisali rozari kwa Kilatini, kisha wakirudiarudia maneno ya ibada ya Kibudha. Dini mbili zilizozaliwa mbali kabisa, na kote pumzi ilishuka hadi karibu mara sita kwa dakika, mapigo ya moyo yakaanza kwenda nayo kwa mdundo mmoja. Ukitaka kuonja jambo hili sasa hivi, weka vidole viwili kwenye mshipa wa kifundo cha mkono, uvute pumzi polepole, kisha uitoe polepole zaidi. Ukivuta, mapigo huharakisha kidogo. Ukitoa, hupungua. Kuna neva ndefu inayoshuka kutoka kwenye ubongo kupitia shingoni hadi moyoni, inaitwa vagasi, na unapotoa pumzi ndipo inapoukanya moyo zaidi.

Basi saa tisa ikifika, usiondoe chochote. Chagua maneno mafupi ya sala yako, yale unayoyajua tangu utotoni, uyaseme kimoyomoyo unapotoa pumzi. Madaftari yatakuja. Yakija, rudi kwenye neno. Yatakuja tena, rudi tena. Ukirudi mara arobaini, umesali mara arobaini. Na usidhani wenzako wamekaa kwa utulivu huko: mwaka 2010 wanasaikolojia Matthew Killingsworth na Daniel Gilbert walichapisha uchunguzi wa watu wazima 2,250 waliokuwa wakiulizwa kwa simu, saa yoyote, wanafanya nini na wanawaza nini. Karibu nusu ya mara zote, asilimia 46.9, akili ilikuwa kwingine.

Ikipita kama dakika ishirini hujalala, inuka, ukae penye mwanga hafifu, urudi kitandani macho yakilemea. Saa igeuze ukutani. Simu ilale chumba kingine, hata hiyo yenye programu ya utulivu.

Nimelibakiza la mama yako kwa makusudi. Maneno ya miaka kumi iliyopita ni vumbi la usiku, lakini mama anayeumwa si vumbi. Wazo hilo linakuja saa tisa kwa sababu mchana halijapewa kiti. Litafutie nusu saa ya jua likiwa juu, na karatasi: nani anamuuguza, nani anaweza kupokezana nawe, nini kinakutisha hasa. Kwenye barua yako yote sikuona mtu mwingine ndani ya hiyo shughuli zaidi yako.

*

*Shangazi, nina miaka 52. Kaka yangu mkubwa alighushi saini ya marehemu baba akauza nyumba yetu. Kwenye nyumba ya ibada niliambiwa kinyongo kitaniua. Nikasimama mbele ya watu nikasema nimemsamehe, wakapiga makofi, nikalia kweli. Sasa ni mwaka wa pili. Nikisikia sauti yake kwenye simu ya mtu, kifua kinabana kama nimefungwa mkanda. Je, nilimdanganya Mungu? – Mdogo Mtu*

Mdogo wangu, kabla ya Mungu, nenda kwa daktari. Kifua kinachombana mwanamume wa miaka 52 hupimwa moyo kwanza, na hasira zina tabia ya kwenda sambamba na presha. Nenda wiki hii. Tunaweza kuongea ya kaka ukiwa na majibu mkononi.

Ukiwa umerudi, nikupeleke kwenye chumba cha kusafishia vidonda. Kidonda kirefu chenye uchafu hakishonwi siku ile ile, hata mgonjwa akilia kwamba anataka kwenda nyumbani na kovu zuri. Husafishwa, hujazwa shashi yenye maji ya chumvi, huachwa wazi, shashi inabadilishwa siku baada ya siku mpaka nyama mpya ijae kutoka chini. Ukikiwahi kukifunga, ngozi inakutana juu, inang'aa, ndugu wanafurahi. Ndani usaha unakusanyika. Nimefungua upya vidonda vya aina hiyo, na harufu yake sijaisahau.

Makofi yale yalikuwa ni uzi wa kushonea. Hukumdanganya Mungu. Ulishonwa mapema, tena na watu waliokutakia mema. Katika miaka ya 1980 mwanasaikolojia John Welwood, ambaye mwenyewe alikuwa mtu wa kutafakari, aliliona hili kwa wenzake wa safari ya kiroho na hata kwake, akalipa jina: kutumia mambo ya roho kama njia ya mkato ya kuyazunguka maumivu. Watu wanaoruka hasira na kutua moja kwa moja kwenye amani. Huko wanakotua hawakai.

Nakwambia haya nikiwa nimeyala mwenyewe. Kuna mwaka mkubwa wangu wa kazi aliandika dozi isiyo sahihi, mambo yalipochunguzwa akaniwekea mimi lawama. Mgonjwa alipona, nashukuru, lakini barua ya onyo ilikuwa na jina langu. Nilitangaza kumsamehe jioni ile ile. Unajua kwa nini? Kwa sababu kusamehe haraka kulinifanya nijione mrefu kuliko yeye. Miaka sita baadaye nikaona kisogo chake kwenye foleni, mikono ikaanza kutetemeka hadi nikatoka nje.

Nikaanza upya, polepole. Swali la kwanza nililojiuliza ni nini hasa alichoniibia. Jina langu zuri, ndiyo, ila hilo lilirudi. Kilichokwenda kabisa ni imani yangu na mkono wangu mwenyewe: kwa miaka nilikuwa nahakiki kila dozi mara tano, narudi wodini baada ya zamu kuangalia tena. Hicho sikuwa nimekitaja, kwa hiyo sikuwa nimekisamehe. Huwezi kufuta deni usilojua ni kiasi gani. Nilipolitaja, mbele ya mtu mmoja niliyemwamini, nikaona ni kubwa kuliko nilivyodhani, na nikakasirika kwa mara ya kwanza. Hasira ile ilidumu miezi. Ilipopungua haikuondoka kwa kishindo. Siku moja tu niligundua nimehakiki dozi mara mbili na kwenda kulala.

Kwa hiyo ikae kwanza ile orodha. Nyumba, sawa. Na nini kingine? Sauti ya baba iliyokuwa ndani yake? Kaka uliyekuwa unamwona kama mlinzi wako? Mwambie mtu mmoja tu, asiye na haraka ya kukupigia makofi.

Na tafadhali tenganisha vitu vitatu ambavyo nyumba za ibada huvifunga kwenye kitambaa kimoja. Kusamehe ni kuacha kumdai kisasi, na hilo unalifanya hata yeye akiwa hataki kukuona. Kupatana kunahitaji watu wawili, mmoja wao akiwa amekiri. Haki ya saini iliyoghushiwa ni jambo la sheria, linakwenda kwa wakili, na mtu anaweza kwenda kwa wakili akiwa amesamehe. Unaruhusiwa kufanya la kwanza na la tatu bila la pili.

*

*Shangazi, ukitafakari ukae chini au kwenye kiti? – Magoti Yanauma*

Kwenye kiti. Nyayo zote sakafuni, mgongo usilale. Magoti hayamo.

*

*Shikamoo Shangazi. Nina watoto watatu, mdogo ana miezi minane. Natamani mwezi mmoja tu wa kwenda mbali, kimya, nijitafute. Kila ninayemsoma aliyepata amani aliacha kila kitu akaondoka. Mimi hata chooni sifungi mlango. Je, ukuaji wa kiroho ni wa wasio na watoto? – Mama wa Watatu*

Marahaba, mama. Umenichekesha hapo chooni, kisha nikajiona nimeacha kucheka.

Ni kweli wapo walioondoka. Al-Ghazali, mwanazuoni wa Kiislamu, alikuwa mwalimu mkuu katika madrasa ya Nizamiyya mjini Baghdad, mwaka 1095 ulimi ukamgoma, akawa hawezi kufundisha wala kumeza, waganga wakasema ugonjwa umeanzia moyoni. Aliacha kazi, akaenda Damascus, akakaa faragha. Mara nyingi hadithi hukatwa hapo. Lakini yeye mwenyewe aliandika kwamba alitenga fungu la kutosha la watoto kabla ya kuondoka, na kwamba baadaye wito wa watoto hao hao ulimrudisha nyumbani, na kwamba huko faragha yake ilivurugwa na mahitaji ya familia, akawa anaipata kwa vipande. Vipande! Mtu aliyeandika maelfu ya kurasa juu ya moyo alikuwa analalamika kama wewe. Na mimi daima nauliza swali lisilo la adabu: miaka ile aliyokuwa Damascus, nani alikuwa anaamka usiku na watoto?

Mwingine ninayempenda ni Nicolas Herman, askari aliyejeruhiwa mguu vitani, akaingia kwenye nyumba ya watawa Wakarmeli mjini Paris mwaka 1640, akapewa jina la Bruda Lawrence. Wakampeleka jikoni. Kazi ya jikoni hakuipenda hata kidogo, na akakaa nayo miaka kama 15. Humo humo, sufuria zikigongana na watu wawili watatu wakimwita kwa wakati mmoja, alijizoeza kumgeukia Mungu kwa neno dogo, akateleza, akarudi, bila kujilaumu sana. Baadaye walimhamishia kwenye kushona viatu. Alifariki mwaka 1691 na watu bado wanasoma barua zake.

Sikwambii hivi ili utabasamu huku ukizama. Mama wa mtoto wa miezi minane anayetamani mwezi wa kimya mara nyingi anatamani usingizi, na usingizi hauna kitu cha kiroho cha kuubadilisha. Kwa hiyo la kwanza ni kumwambia baba wa watoto, au yeyote anayekaa nanyi, saa na siku kamili: Jumamosi saa mbili hadi saa nne, mimi sipo. Usiseme "nisaidie kidogo". Lala. Wiki ya tatu au ya nne ya kulala hivyo, ndipo uulize kama bado unataka kujitafuta.

La pili, chagua kipande kimoja ambacho tayari kipo. Kunyonyesha, kwa mfano. Badala ya kushika simu, mara moja kwa siku hesabu pumzi kumi za mtoto. Si zako, zake. Mimi wangu wamekuwa watu wazima na siwezi kukwambia walisema nini siku ya kwanza ya shule, lakini pumzi za wa mwisho wangu akiwa na homa, nilizozihesabu usiku kucha kwa woga wa kikazi, bado ninazo masikioni.

Na mlango wa chooni ufunge. Dakika nne. Watagonga, hawatakufa.

*

*Shangazi, nina miaka 27. Zamani nilikuwa nikisali nasikia joto kifuani, machozi yanatoka. Tangu karibu mwaka sasa hakuna kitu. Nasema maneno kama nasoma risiti. Wenzangu wanaimba wanafurahi, mimi najifanya. Nimefunga, nimekesha, nimeombewa. Mungu ameniacha? – Kavu*

Mwanangu, barua yako ina milango miwili, na kwa maandishi pekee siwezi kujua uko kwenye upi. Nitakuonyesha yote.

Mlango wa kwanza: mwaka 2007, miaka kumi baada ya kifo cha Mama Teresa wa Kolkata, barua zake kwa washauri wake wa kiroho zilichapishwa. Dunia ilishtuka. Yule mwanamke wa tabasamu alikuwa ameishi karibu miaka 50 bila kuhisi uwepo wa Mungu, isipokuwa majuma machache mwaka 1958. Aliandika kuhusu giza na utupu, na kuhusu tabasamu lake kama kifuniko. Kila alfajiri aliamka akasali, kisha akatoka kwenda kwa waliokuwa wanakufa. Watu waliosoma wakagawanyika, wengine wakasema kumbe hakuamini. Mimi nimewahi kuosha watu wanaokufa na siwezi kujiunga na hao. Huko wodini hakuna aliyewahi kuniuliza kama nilihisi kitu nilipokuwa namgeuza ubavu. Lakini mgongo uligeuzwa, na kidonda cha kulalia hakikuota.

Kama ni mlango huo, acha kupima sala kwa joto la kifua. Fupisha. Dakika tano, maneno machache, kila siku, bila kujilazimisha machozi. Na ile kujifanya mbele ya wenzako iache: kaa kimya wanapoimba. Utashangaa ni wangapi wengine wamekaa kimya.

Mlango wa pili naujua vizuri zaidi. Je, ukavu huu uko kwenye sala peke yake, au na muziki, marafiki, kazi, na vile ulivyokuwa unavipenda? Usingizi ukoje? Hamu ya kula? Unajiona huna thamani? Kama hali ya namna hii imekaa nawe karibu kila siku, sehemu kubwa ya siku, kwa wiki mbili au zaidi, kuna uwezekano mkubwa kuwa ni sonona, na sonona ina matibabu, ya mazungumzo na ya dawa. Kufunga na kukesha kunaweza kuizidisha, kwa sababu mwili unanyimwa chakula na usingizi ambavyo tayari una upungufu navyo. Na kama umewahi kuwaza kujiua, hata mara moja, hata kwa mbali, basi usingoje kitu chochote: mwambie mtu leo, uende hospitali naye.

Kwa sasa simamisha mfungo. Nenda kapimwe, useme yote uliyoniandikia, na ukavu wa sala uutaje pia, daktari asicheke. Kisha niandikie, hata mstari mmoja, uniambie ulikuwa mlango upi.